Nyusi za Mzee Lewa

"Na nyusi," alisema Mzee Lewa. "Usizisahau nyusi."

"Lini nimezisahau?" Bi Ruqaiya alimjibu, mswaki ukiwa hewani. "Hebu angalia mbele, mzee. Ukigeuka hivyo ntakupaka sikio, na sikio jeusi utawaeleza nini watu?"

Mzee akacheka kidogo, akatulia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda sebuleni kwa Bi Ruqaiya, mtaa wa Shela, Malindi, gazeti kuukuu limetandazwa mabegani, mafuta ya mgando yamepakwa kwenye paji la uso na nyuma ya masikio ili rangi isishike ngozi. Mlango ulikuwa wazi nusu. Bi Ruqaiya hakufunga mlango akiwa na mteja mwanamume, hata mteja huyo awe na miaka sabini na minne na meno tisa. Majirani walikuwa wamesema yote ya kusema mwaka ule wa kwanza, wakachoka wenyewe.

Kazi yake hasa ilikuwa kuchora hina. Maharusi wa Malindi na Mambrui na kote huko walipitia mikononi mwake, akawajaza maua kutoka ncha za vidole mpaka viwikoni. Wazee walikuja baadaye, mmoja mmoja, bila kualikwa. Walitoka vijiji vya ndani, wakasimama mlangoni wakizungusha kofia mikononi, wakauliza kama yeye ndiye yule mama wa piko. Piko hiyo hiyo aliyowachorea maharusi waliopenda maua meusi, wao waliitaka iwafunike mvi. Hawakutafuta kupendeza. Walitaka kuendelea kuishi.

Hakuwauliza sababu, maana sababu ilijulikana. Si kila kijiji wala si kila nyumba, lakini palikuwa na mahali ambapo mvi zilikuwa zimegeuzwa ushahidi. Mtoto akiugua, au ng'ombe akifa, na hasa kipande cha shamba kikitamaniwa, hutafutwa kichwa cheupe cha kubebeshwa uchawi, na wanaokitafuta huja na mapanga. Ndugu yake Mzee Lewa alikwenda hivyo, miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo, kila Jumanne ya pili, mzee huaga nyumbani kwake Jilore kwamba anakwenda kliniki ya macho.

Bi Ruqaiya alipaka kuanzia kisogoni kuja mbele, taratibu, nywele kwa mizizi yake. Alipomaliza alimvika kichwani karatasi ya mkate, ile ya nailoni, iliyooshwa, akaifunga kwa uzi. Nusu saa, kisha kuosha mara tatu mpaka maji yatoke safi. Nyusi huja mwisho, kwa mswaki mdogo wa mtoto.

"Mangi ana tabia moja," mzee alisema ghafla. Mangi alikuwa mwanawe, mchonga mawe, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Ndiye pekee aliyebaki naye nyumbani. "Akizungumza nami haniangalii machoni. Aniangalia nyusi."

"Si mwanao huyo?"

"Ni mwanangu. Ndiyo maana nakwambia."

Bi Ruqaiya aliukaza ule uzi. Alikuwa na jambo lake la kumwambia mzee siku hiyo, na lilikuwa limefika mpaka kwenye meno. Alilimeza, akachukua mswaki mdogo.

Jambo lenyewe lilikuwa filamu.

Kabla ya Mzee Lewa kulikuwa na mzee mwengine, aliyejiita Mwalimu, na Bi Ruqaiya hakumdai jina zaidi ya hilo. Alikuja miaka miwili bila kukosa. Halafu ikafika wiki ya Idi, sebule imejaa wasichana, mikono imenyooshwa kila upande, na Mwalimu yupo mlangoni, mvi zinachungulia kwenye panja zake. "Njoo baada ya Idi, Mwalimu," alimwambia bila hata kuinua kichwa. "Leo siwezi." Mwalimu akasema haidhuru. Idi ikaja, ikapita. Bi Ruqaiya alimwekea pakiti yake ya piko kabatini mwezi mzima. Jina lake halisi alikuja kulisikia redioni, kwenye habari ya mwalimu mstaafu aliyeuawa kwa mapanga, asubuhi moja, akikanda unga wa mahamri.

Hilo hakumwambia mtu, hata dada yake wa tumbo moja. Alimwambia Whitney kwa sababu Whitney hakuwa mtu wake, na kwa sababu alikuwa amechoka kulibeba.

Whitney alikuwa binti wa Mtwapa. Wazazi wake walitoka bara kutafuta kazi, yeye akazaliwa na kukulia hapo hapo. Alikuja Shela siku ya hina ya rafiki yake, akamwona mzee amekaa ukumbini na karatasi ya mkate kichwani, akacheka, kisha akauliza. Alisema yeye hutengeneza filamu fupi. Bi Ruqaiya alimfukuza: "Wateja wangu si sinema." Akarudi. Akafukuzwa tena. Mara ya nne alimkuta Bi Ruqaiya peke yake, ameshika pakiti ile ya Mwalimu, na siku hiyo hakufukuzwa. Alisikiliza mpaka mwisho na hakuandika chochote. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Baada ya miezi kadhaa alikuja na hadithi iliyoandikwa, na ombi.

"Nataka mikono yako, Bi Ruqaiya. Nikitafuta mwigizaji, atashika ule mswaki kama anayetaka kusugua meno."

"Uso wangu usionekane."

"Hautaonekana."

"Wala jina langu, wala sauti yangu."

"Mikono tu. Naapa."

Bi Ruqaiya akakubali, akajiona amejifunika kila upande. Alilelewa hivyo: mwanamke akishaficha uso na jina, amejificha. Kichwa kilichopakwa kilikuwa cha Musembi, mlinzi mstaafu wa Mtwapa mwenye mvi za pamba tupu, aliyeifurahia kazi hiyo mpaka ikawa vigumu kumwambia anyamaze.

Sasa filamu ilikuwa imekwisha. Ijumaa hiyo ingeonyeshwa Malindi, na Jumamosi ya wiki ya pili, Jilore. Na Mzee Lewa, aliyekuwa akioshwa kichwa hapo sebuleni kwa macho yaliyofumbwa, hakujua hata nusu ya neno.

*

Malindi walionyeshea kwenye ukumbi wa mikutano wa hoteli moja, alasiri, viti vyote vimevikwa vitambaa vyeupe. Bi Ruqaiya alikaa nyuma kabisa, buibui lake amelivuta vizuri. Taa zikazimwa, na mara akaona mikono yake mwenyewe, mikubwa kama milango. Alitaka kuificha chini ya kiti. Wakati huo huo, astaghfirullah, alipendezwa nayo.

Filamu ilikuwa ya dakika kumi na mbili tu. Mzee ajitazama kwenye kipande cha kioo, atafuta unywele mweupe mmoja. Mikono yampaka piko. Arudi kwao kwa miguu, na mvua yamkuta njiani, kabla rangi haijashika. Maji meusi yamtiririkia usoni, shingoni, kwenye shati jeupe. Watoto waliokuwa wakicheza waacha mchezo. Hakuna anayemgusa, hakuna anayemtukana, wamtazama tu. Aingia chumbani mwake, asukuma kitanda mpaka mlangoni, akaa juu yake na shati lake la madoa. Halafu hatua zasikika nje, zaja pole pole. Zafika. Zasimama mlangoni. Mzee aangalia mlango. Filamu yaisha hapo, na mwenye hatua hujamwona.

Taa zilipowashwa watu walipiga makofi sana. Bwana mmoja aliuliza kamera ilikuwa ya aina gani. Mwengine alisema inasikitisha, lakini hayo ni mambo ya watu wa ndani huko. Mama mmoja aliapa kwamba hatapata usingizi wiki nzima, kisha akachukua sambusa ya tatu.

"Nani alikuwa pale mlangoni?" kijana mmoja aliuliza.

"Nyinyi mwaonaje?" Whitney alimrudishia.

Wakabishana kwa furaha: ni wauaji, ni majirani, ni mauti yenyewe. Bi Ruqaiya aliwasikiliza akaona hasira ikimpanda. Walikuwa wakimzungumzia Mwalimu wake na huku wanatafuna.

Ndipo msichana wa kiti cha mbele yake alipogeuka. Alikuwa Easter, wa duka la simu, ambaye yeye alimchora Desemba alipoolewa.

"Bi Ruqaiya! Nilijua tu ni wewe."

"Umejuaje? Mimi sionekani."

Easter akacheka. "Na hicho kidole?"

Bi Ruqaiya akakitazama kidole gumba chake cha kushoto. Alipokuwa mtoto alikikata kwenye mbuzi ya nazi, na ukucha ulipoota upya uliota umepasuka katikati. Piko huingia kwenye ule mwanya ikakaa, mstari mweusi usiotoka kwa sabuni wala kwa limau. Alikuwa ameishi nao miaka arubaini, hata akasahau kwamba upo.

"Ulinishika mkono saa nne nzima," Easter alisema. "Nitaangalia nini kingine? Kila aliyechorwa nawe anakijua kidole hiki kuliko uso wako."

Na Jilore, Bi Ruqaiya alikuwa amechora wasichana wasiopungua ishirini.

Alipanga mambo kichwani, moja baada ya jingine, na kila moja lilimchoma. Wataiona mikono, watamjua mwenyewe. Watauliza ni mzee gani wa kwao aendaye kwake. Na kondakta wa gari la Jilore humshusha Mzee Lewa Shela kila Jumanne ya pili, na kliniki ya macho haiko Shela. Alidhani ameuficha uso. Mchora hina, uso wake ni mikono. Ni nani asiyejua hilo, isipokuwa yeye mwenyewe?

Alimkuta Whitney akikunja nyaya. "Usiipeleke Jilore."

"Bi Ruqaiya, ilitengenezwa kwa ajili ya Jilore."

"Basi ikate mikono yangu."

"Nikikata mikono sina filamu." Whitney alimsikiliza sababu zake mpaka mwisho, uso ukambadilika, akakaa sakafuni pale pale penye nyaya. "Sikufikiria. Wallahi sikufikiria. Basi uamue wewe. Ukisema nisiende, siendi."

Siku tano Bi Ruqaiya alizunguka na uamuzi huo. Aliharibu ua la bi harusi mmoja, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Ikiwa filamu haitakwenda Jilore, basi kifo cha Mwalimu kimeishia kwenye sambusa. Ikienda, na Mzee Lewa akapatwa na jambo, basi atakuwa amewaua wawili. Alifikiri hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, bila kujipunguzia.

Siku ya sita alimpigia Whitney. "Nenda. Lakini mimi ntatangulia. Mzee aone kwanza uso wangu, ndiyo aione mikono."

*

Alimkuta Mzee Lewa uani, asubuhi, akipukuchua mahindi kwenye ungo. Mangi hakuwepo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," alisema kwa mshangao, akaangalia pande zote. "Umefuata nini huku?"

Akamwambia. Alimwambia habari za Mwalimu, na Idi, na Whitney, na mikono, na ukucha. Hakuacha kitu. Mzee Lewa aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu, kisha akaendelea kulisugua lile gunzi tupu.

"Kichwa changu nilikupa wewe," alisema mwishowe. "Sikumpa msichana wa Mtwapa."

"Wajua sikukusudia..."

"Nani mwengine ajua?"

"Leo alasiri, huenda wote."

Mzee akainuka, akakung'uta kaptura yake. "Basi ntakwenda kuitazama. Nisipokwenda, ndiyo nimejitaja." Akaingia ndani kutafuta kofia.

"Kwaheri, mzee. Shikamoo," Bi Ruqaiya alimwambia mgongo wake.

Marahaba haikuja.

Shuleni, darasa lilikuwa limetiwa giza kwa makanga ya akina mama, yametundikwa madirishani mawili mawili, na jua likipenya humo likatia rangi kuta: nyekundu huku, manjano kule. Jenereta ilinguruma nje. Watu wazima themanini hivi walijibana kwenye madawati ya watoto. Mzee Lewa alikaa mstari wa mbele, kofia kichwani. Mangi alisimama nyuma kwa sababu hakuna dawati lililomtosha.

Mwanzo walicheka. Karatasi ya mkate ilipotokea juu ya kichwa cha Musembi, kijana mmoja akapaza sauti, "Mkate huo wa jana!" na darasa zima likaangua kicheko. Kisha ukaonekana ukucha.

"Jamani, ni Bi Ruqaiya wa Malindi," mwanamke alisema gizani. "Oneni kidole."

Vichwa viligeuka kumtafuta. Bi Ruqaiya aliangalia mbele, macho yake kwenye kofia ya Mzee Lewa. Haikusogea.

Mvua ya kwenye filamu ikanyesha, na kicheko kikafa. Shati lilipoanza kuingia madoa, mama mmoja alijifunika uso kwa ncha ya leso yake akatazama kwa jicho moja. Hatua zikaja. Zikasimama mlangoni. Kitambaa cha kuonyeshea filamu kikawa cheupe, na mtu akavuta kanga moja dirishani.

Hakuna aliyepiga makofi. Whitney alisimama mbele akauliza kama kuna mwenye neno. Hakuna. Jenereta ikazimwa.

"Ni uongo huu," yule kijana wa mkate alisema hatimaye, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. "Hapa kwetu hakuna mzee anayejipaka piko."

Watu waliangalia chini. Wengine, pole pole, waliangalia kofia ya mstari wa mbele. Bi Ruqaiya aliomba, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, chochote kilichomjia.

"Foronya," sauti ikasema nyuma.

Alikuwa Mangi. Alitazama sakafu kama anayesoma kitu kilichoandikwa hapo.

"Mama alipofariki nilianza kufua mimi. Nikaona foronya ya baba ina weusi. Nilidhani moshi. Nikainusa. Mke wangu, kabla hajaniacha, alichorwa piko siku tulipooana. Harufu yake naijua." Alisugua viganja vyake. "Miaka mitatu nafua ile foronya. Namtazama nyusi kila akitoka, nione kama kuna mvi imebaki, nimwambie kabla watu hawajaiona. Sijawahi kumwambia. Sikujua naanza vipi."

Mangi aliegemea ukuta, akaendelea.

"Mtajiuliza yule wa mlangoni ni nani. Mimi sijui wa kwenye filamu. Nyumbani kwetu ni mimi. Kila jioni nampelekea baba uji. Nikibisha, hukaa kimya kwanza. Kimya kirefu. Halafu nasikia kitanda kinavutwa." Sasa aliinua macho. "Nilidhani ni masikio yake yamezeeka, hanisikii. Baba, miaka yote hii, wewe ulikuwa waniogopa mimi?"

Kofia ilitikisika. Mzee Lewa alisimama kwa kushika dawati, akaivuta kofia mpaka karibu na macho, akapita katikati ya watu bila kumtazama yeyote, akatoka juani. Mangi alimfuata. Kupitia dirisha lile lililofunguliwa Bi Ruqaiya aliwaona wakivuka uwanja wa mpira, mzee mbele, mwana hatua kumi nyuma, na umbali ule haukupungua mpaka walipopotea kwenye mikorosho.

Watu walitoka mmoja mmoja. Akina mama walichukua makanga yao madirishani, wakayakunja bila kusema.

"Nimeharibu, Bi Ruqaiya?" Whitney aliuliza.

"Sijui, mwanangu. Wallahi sijui."

*

Jumanne ikafika. Bi Ruqaiya alikoroga piko saa tatu kama kawaida, akatandaza gazeti, akaweka kigoda. Saa sita piko ilikuwa imekauka kikombeni. Alipiga simu, simu ya Mzee Lewa ilikuwa imezimwa, na hiyo haikumaanisha kitu, maana mzee huizima ili chaji isiishe. Jioni alikwangua kikombe kwa kijiko.

Asubuhi alifungua redio na mkono wake ukabaki pale pale kwenye kitufe mpaka taarifa ilipokwisha. Aliingoja ile sauti iseme jina. Haikulisema. Kesho yake tena. Mahamri yake yaliungua siku tatu mfululizo, na dada yake akamwuliza kama anaumwa.

Wiki ya pili mwanamke asiyemjua alimpigia kutoka Jilore. Alitaka kujua kama piko huwasha kichwa cha mtu mzima, maana mama yake hujikuna mpaka ngozi ikachubuka, na hasemi ni kwa nini. "Nimeamua kumwambia kwamba najua," mwanamke alisema. "Lakini kwanza nataka niwe na dawa mkononi." Bi Ruqaiya akamwambia ampake mafuta ya nazi na aiache ngozi ipumzike. Walizungumza dakika ishirini, wakacheka mara mbili. Alipoulizwa habari za Mzee Lewa, mwanamke yule alisema yeye hakai upande huo wa kijiji.

Jumanne iliyofuata ya zamu ya mzee ilimkuta Bi Ruqaiya na kazi nyingi. Bi harusi wa Mambrui alikuwa amekaa mkekani, shangazi zake watatu wakimzunguka, mkono wa kulia umeshakwisha, wa kushoto una shina la ua na majani mawili tu. Palikuwa hapana nafasi hata ya kuweka kikombe.

"Hodi."

Aliinua kichwa. Mzee Lewa alikuwa mlangoni, kofia kichwani, na nyuma yake Mangi ameziba mwanga wote wa barabara.

"Mna wageni," Mzee Lewa alisema. "Tutarudi siku nyengine. Haidhuru."

Neno lile lile la Mwalimu. Bi Ruqaiya aliiweka koni ya hina chini kwa nguvu mpaka ikatema.

"Huendi popote," alisema, akasimama. "Bi harusi, mwanangu, ningoje. Shangazi, sogeeni. Mzee akae."

Shangazi mmoja alifungua kinywa, akaona uso wa Bi Ruqaiya, akakifunga. Wakasogea. Kigoda kikaletwa.

"Shikamoo, mzee," alisema alipomtandazia gazeti mabegani.

Alingoja. Barabarani tuktuk ilipita, ikapiga honi.

"Marahaba, mwanangu," alisema Mzee Lewa, akavua kofia.

Mvi zilikuwa zimeota mwezi mzima bila kuguswa. Chini zilikuwa nyeupe, upana wa ukucha, na juu yake weusi umebaki nchani. Bi Ruqaiya alinyoosha mkono kuchukua pakiti.

"Siyo hiyo," mzee alisema. "Mkasi. Kata zile nyeusi."

Hakuwa kinyozi, lakini mkasi alikuwa nao, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Alikata kuanzia kisogoni kuja mbele, vile vile alivyozoea kupaka. Nywele nyeusi zilianguka gazetini, nyingine mkekani, na Mangi akachuchumaa akaziokota moja moja, asiache hata unywele. Shangazi wote watatu walitazama. Bi harusi naye alitazama, mkono wake wa ua nusu umeinuliwa ili usichafuke.

Kazi ilipokwisha Bi Ruqaiya akampa kioo. Mzee alijitazama upande huu, akajitazama upande ule.

"Nimezeeka," alisema.

"Umezeeka, baba," Mangi alijibu. "Mimi hurudi kutoka kazini mapema sasa. Tukae wawili uani, watu waone."

Mzee Lewa alipitisha kiganja juu ya kichwa chake cheupe, mara moja, kama anayepapasa kichwa cha mtoto wa mtu. Bi Ruqaiya alikichukua kioo.

"Na nyusi?" aliuliza.

Nazo zilikuwa zimechanganyika, nusu hivi na nusu hivi. Mzee Lewa alimwangalia mwanawe. Mangi hakuziangalia nyusi. Alimwangalia baba yake machoni, akangoja.

"Nyusi zipake," mzee alisema. "Kwa leo tu."

Bi Ruqaiya alikoroga piko kiasi cha nusu kijiko, akatafuta mswaki mdogo wa mtoto. Alipogeuka kuchukua mafuta ya mgando, hayakuwepo. Mangi alikuwa ameshayafungua. Alipiga magoti mbele ya kigoda, akachovya kile kidole chake kinene cha mchonga mawe, akaanza kumpaka baba yake ngozi ya kuzunguka nyusi, polepole sana, ili rangi isije ikashika ngozi.